Siku tano na asubuhi moja: mimi, shoga yangu na habari za Hannah na Anne

SIKU YA KWANZA, JUMAPILI. AMSTERDAM

Nianze na aibu yetu kabisa. Tumefika Amsterdam mimi na shoga yangu tumejiandaa kwa kila kitu, viatu vya kutembea, makoti ya mvua, kopo zima la visheti alivyokaanga mwenyewe usiku, ila tiketi za ile nyumba ya Prinsengracht 263 alikojificha Anne Frank, yule binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara akiwakimbia Wanazi, hatuna. Kumbe zinauzwa kwenye intaneti tu, zinafunguliwa kila Jumanne kwa ajili ya wiki sita mbele, na zinaisha kama maji ya bomba siku za mgao. Tumesimama pale nje tunaangalia foleni ya wenye tiketi zao, mvua ile ya Amsterdam ambayo hainyeshi wala haikatiki, shoga akaniangalia mimi nikamwangalia yeye. Kila mmoja alijua mwenzake ndio amenunua.

Tukaona isiwe tabu. Sisi safari yetu haikuwa ya alikojificha, ilikuwa ya alipochezea, na zaidi ilikuwa ya rafiki yake.

Nieleze kidogo. Mimi ni nesi, niko Hannover mwaka wa nne sasa, shoga yangu yuko Rotterdam kwenye ghala la maua. Tumekua mtaa mmoja Ngamiani, Tanga, darasa moja kuanzia la kwanza mpaka la saba, dawati moja. Alafu huku ukubwani tukanuniana miaka miwili kwa hela ya mchezo, hiyo nitaigusa mbele kama nitakuwa na nguvu. Sasa mwaka jana nikiwa zamu ya usiku nikasoma kwamba yule rafiki wa utotoni wa Anne Frank, Hannah Goslar, alipona vita, akaenda Jerusalem akawa nesi wa watoto, akafariki Oktoba 2022 akiwa na miaka 93. Anne anajulikana dunia nzima lakini huyu nesi mwenzangu mimi sikuwahi kumsikia. Nikamtumia shoga meseji saa nane usiku, akajibu saa hiyo hiyo, twende.

Kwa hiyo mchana tukapanda tramu mpaka kusini ya mji, Merwedeplein. Ni kiwanja cha pembetatu, nyasi katikati, nyumba za matofali zimekizunguka, na pale mwisho kuna jengo la ghorofa 12 la mwaka 1932 ambalo watu wa enzi hizo waliliita mkwaruza mawingu, sa hivi ukiliona unalionea huruma. Akina Frank walikaa namba 37, akina Goslar namba 31, yani ukihesabu upande ule ni mlango wa tatu tu. Kwenye nyasi kuna sanamu ya shaba ya Anne, ana mabegi yake, amegeuka anaangalia kwao. Kuna kipande kimoja tu cha filamu duniani kinachomuonyesha Anne akitembeza kichwa, sekunde chache, cha Julai 1941, na ni hapo hapo dirishani namba 37, anachungulia bibi harusi wa jirani anatoka. Umbea wa dirishani ni wa dunia nzima jamani.

Familia zote mbili zilikimbia Ujerumani baada ya Hitler kushika madaraka 1933. Baba yake Hannah, Hans Goslar, alikuwa mtu mkubwa Berlin, mkuu wa ofisi ya habari ya serikali ya Prussia, akajikuta hana kazi kwa sababu ni Myahudi. Mama hao wawili walikutana dukani, kila mmoja ameshika mkono wa mtoto wake, wakasikiana wanaongea Kijerumani. Shoga akasema hiyo haihitaji maelezo, wewe uko sokoni Rotterdam unachagua bamia, nyuma yako mtu anasema "bei gani hii mbona wametuona wajinga," unageuka umeshampenda kabla hujamuona sura.

Ijumaa jioni akina Frank walikuwa wanakuja kula kwa akina Goslar, maana akina Goslar walikuwa washika dini hasa, Sabato inashikwa, akina Frank wao kidogo kidogo. Mama yake Hannah alikuwa na msemo wake juu ya Anne, kwamba Mungu anajua kila kitu ila Anne anajua zaidi. Unamuona kabisa huyo mtoto. Na wale watoto walikuwa wanaitana kwa mluzi, wenyewe na wimbo wao mfupi, unaupiga kwenye tundu la barua la mlangoni mwenzako anatoka. Anne mluzi ulimshinda, basi yeye alikuwa anauimba. Hapo shoga alicheka mpaka bibi mmoja na mbwa wake wakasimama. Sisi ilikuwa kijiwe juu ya bati, na aliyekuwa anatoka ni mama yake, na mwiko mkononi.

Tukasimama mbele ya mlango wa 37 muda mrefu kuliko adabu. Huu ndio mlango wa mizani. Julai 1942, mama yake Hannah anataka kupika jamu, hana mizani, kamtuma mtoto kwa akina Frank akaazime, kama sisi tulivyokuwa tunatumwa kwa jirani kuazima mbuzi ya nazi. Anagonga, anafungua mpangaji wao, anamwambia hukuambiwa? Wote wameondoka, wameenda Uswisi. Mizani haikuazimwa, au labda iliazimwa, mimi sikumbuki kusoma popote, lakini fikiria mtoto wa miaka 13 anarudi nyumbani na habari hiyo badala ya mizani. Baadaye akarudi na rafiki yao mwingine, Jacqueline, wakaingia chumbani kwa Anne, kitanda hakijatandikwa, viatu vipya vimeachwa pale, wakatafuta labda kuna barua ya kuwaaga. Hamna.

Na Uswisi hawakwenda. Walikuwa hapo hapo mjini, mwendo wa lisaa kwa miguu.

SIKU YA PILI, JUMATATU. AMSTERDAM BADO

Miguu inauma. Asubuhi shule ya Montessori mtaa wa Niersstraat, bado ni shule mpaka leo, ukuta wa mbele umeandikwa mwandiko wake Anne kwa rangi rangi. Hapa ndio Hannah aliletwa siku ya kwanza, hajui Kidachi hata neno, kamng'ang'ania mama yake mlangoni analia, alafu akaona mtoto mmoja kampa mgongo anacheza na kengele ndogo ndogo za darasani. Yule mtoto akageuka, ndio yule wa dukani, wakakimbiliana wakakumbatiana, mama akaaga akaondoka zake. Hannah aliisimulia hii mpaka uzeeni. Sisi tulikaa kwenye ukuta mdogo ng'ambo ya barabara tukala visheti mpaka wazazi wakaanza kutuangalia vibaya, tukaondoka.

Ila nisiwafanye malaika. Wajerumani walivamia Uholanzi 10 Mei 1940, na mwaka uliofuata watoto wa Kiyahudi wakatolewa kwenye shule zao wakapelekwa shule za Wayahudi peke yao, na huko kwenye shule mpya Anne akapata shoga mpya, huyo Jacqueline, Hannah akawekwa pembeni kidogo. Aliumia. Anayesema watoto hawaumiani hakusoma shule ya wasichana. Kwa hiyo urafiki wao ulishakuwa na ufa kabla hata Wanazi hawajautia mkono, ufa wa kawaida kabisa wa miaka 13, wa nani kakaa na nani. Ule ungezibika wenyewe tu kama wangeachwa wakue.

Walikuwa na klabu ya mpira wa meza, wasichana watano, Anne, Hannah, Jacqueline, Sanne Ledermann na Ilse Wagner, wanacheza mezani nyumbani kwa akina Ilse, wakimaliza wanaenda kula ice cream duka la Oase kwa sababu ni la Wayahudi na mengine yote wamekatazwa. Klabu wakaiita jina la kundi la nyota, Dubu Mdogo, wakiamini lina nyota tano kama wao. Baadaye wakaambiwa ni saba. Basi wakaongeza kwenye jina, Dubu Mdogo Kasoro Mbili. Mimi hilo jina nimelipenda kupita maelezo, maana ndivyo watoto walivyo, hawakubali kosa liwaharibie klabu.

Wakati huo tayari wamekatazwa tramu, wamenyang'anywa baiskeli (Amsterdam bila baiskeli, hebu fikiria), sinema hapana, bwawa la kuogelea hapana, kununua vitu saa tisa mpaka saa kumi na moja jioni tu, saa mbili usiku uwe ndani. Na kuanzia Mei 1942 nyota ya njano kwenye nguo, kila aliyefikisha miaka sita. Mama yake Jacqueline alikuwa Mfaransa, Mkatoliki, akahangaika na makaratasi mpaka mtoto wake akafutwa kwenye orodha ya Wayahudi. Karatasi moja. Ilse aliuawa Sobibor 1943, Sanne aliuawa Auschwitz mwaka huo huo, zote kambi za mauaji za Wanazi huko Poland.

Jioni tukaenda ukuta wa majina ya Wayahudi, Waroma na Wasinti wa Uholanzi waliouawa na Wanazi, mtaa wa Weesperstraat, ulifunguliwa 2021. Kila tofali moja jina moja, tarehe ya kuzaliwa, na umri aliokufa. Majina zaidi ya 102,000. Shoga yangu yeye ni mtu wa kuhesabu, kazini kwake ni kuhesabu maboksi ya maua siku nzima, akaanza kuhesabu matofali ya familia moja tu yenye jina linalofanana, akafika mahali akaacha, akaenda kusimama pembeni anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake ni vya zipu.

SIKU YA TATU, JUMANNE. WESTERBORK

Hatukupanga iwe Jumanne, ni ratiba za kazi, tumeshtukia tuko ndani ya treni. Jumanne ndio ilikuwa siku ya treni Westerbork, kambi ambako Wanazi waliwakusanya Wayahudi wa Uholanzi kabla ya kuwasafirisha. Kambi ilikuwa inatoa treni ya kwenda mashariki karibu kila Jumanne kipindi kirefu, majina yanasomwa usiku wake, na kuanzia Julai 1942 mpaka Septemba 1944 waliondolewa hivyo watu zaidi ya laki moja, wengi Auschwitz na Sobibor. Na treni tuliyopanda sisi ni za kampuni ile ile ya reli ya Uholanzi iliyolipwa kuwabeba, waliomba radhi 2005, na 2019 wakakubali kulipa fidia kwa waliopona na ndugu zao.

Kambi iko porini kaskazini mashariki, unashuka, unapanda basi, alafu kutoka jengo la makumbusho unatembea kama kilomita tatu ndani ya msitu. Misonobari, matope, ndege wanaimba. Ajabu yake ni kwamba kambi hii ilijengwa 1939 na serikali ya Uholanzi yenyewe kuwapokea wakimbizi wa Kiyahudi kutoka Ujerumani. Iliyojengwa kuwapokea ndio ikatumika kuwasafirisha.

Akina Goslar walikamatwa 20 Juni 1943, siku ya msako mkubwa Amsterdam kusini. Mama alishafariki mwaka uliopita wakati wa kujifungua, na mtoto hakutoka hai, kwa hiyo ni baba, Hannah wa miaka 14, mdogo wake Gabi ambaye alikuwa hajafika hata miaka mitatu, na babu na bibi. Hapa Hannah na mdogo wake wakawekwa kwenye nyumba ya yatima, baba sehemu nyingine. Kuanzia hapo Hannah ndio mama wa Gabi.

Kama nesi nimekwama kwenye jambo moja. Westerbork ilikuwa na hospitali, na sio zahanati, hospitali kubwa ya kweli, madaktari zaidi ya mia, manesi, chumba cha upasuaji. Mtu akiumwa anatibiwa vizuri, anapona, Jumanne anapandishwa treni. Nilikaa kwenye benchi nikamfikiria nesi mwenzangu wa pale anabadilisha bandeji Jumatatu jioni, anaiweka safi kabisa, anajua. Nimejaribu kumlaumu imenishinda, nimejaribu kumsifu pia imenishinda.

Kwenye uwanja wa kuhesabiwa wamesimamisha mawe 102,000, moja kwa kila aliyepelekwa na hakurudi, mafupi mafupi, karibu yote yana nyota juu yake. Na pembeni, sasa hapa ndio usingeamini, kuna darubini za redio 14 zimejipanga mstari mmoja, masahani makubwa meupe yanasikiliza nyota, yalijengwa hapo miaka baada ya vita, na ndio sababu magari hayaruhusiwi kusogea. Shoga akasimama chini ya moja akaangalia juu muda mrefu.

"Hawa wangeulizwa mapema, wangewaambia ni saba," akasema.

Sikumjibu.

Ila kilichotuchosha siku hii ni ile ya habari. Wakati Hannah yuko hapa, anajua Anne yuko Uswisi, anakula chokoleti, amekaa na bibi yake, na alifurahi kwa ajili yake kwa kweli. Na huko Amsterdam kwenye maficho Anne anaandika kwenye shajara yake, 27 Novemba 1943, kwamba usiku akiwa anaanza kusinzia alimuona Hannah amekonda, nguo matambara, anamuangalia kwa macho ya kumuuliza mbona umeniacha. Akajilaumu kwamba hakumtendea haki enzi zile za shoga mpya, akamuombea kwa Mungu, na hakuwa na uhakika kama mwenzake bado anapumua. Mmoja anamdhania mwenzake yuko salama, mwingine anamdhania mwenzake amekwisha. Wote wamekosea.

Anne mwenyewe aliletwa hapa Agosti 1944 baada ya maficho yao kugunduliwa tarehe 4, wakawekwa banda la adhabu, kazi kupasua betri kuukuu. Na 3 Septemba wakaondoka na treni ya mwisho kwenda Auschwitz, watu 1,019. Wakati huo Hannah hayupo tena Westerbork, ameshapelekwa Ujerumani tangu Februari, kambi ya Bergen-Belsen. Wamepishana miezi sita tu.

Usiku tumeingia Hannover kwangu, saa sita kasoro. Nimepika chai ya tangawizi, hatujaongea sana.

SIKU YA NNE, JUMATANO. BERGEN-BELSEN

Nimeishi dakika arobaini hivi kutoka Celle miaka minne na sijawahi kwenda Belsen. Wagonjwa wangu wazee wakisikia jina wanageuza mazungumzo. Treni mpaka Celle, mji mzuri nyumba zake za mbao zimepakwa rangi kama keki, alafu basi linazunguka vijiji karibu lisaa.

Hamna kitu. Hilo ndio la kwanza kulielewa. Ukishatoka kwenye lile jengo refu la zege la makumbusho unakutana na uwanda mkubwa wa vichaka vifupi na miti, mabanda yote Waingereza waliyachoma moto Mei 1945 kuzuia tifasi. Sio taifodi ile ya maji machafu tunayoijua nyumbani, hii ni nyingine, inabebwa na chawa. Kilichobaki ni matuta, matuta marefu ya nyasi na kila moja lina jiwe, hapa wamelala maiti 1,000, hapa 2,500, hapa 5,000, Aprili 1945. Hayana majina maana hayakuwepo ya kuandika. Zaidi ya wafungwa 52,000 walikufia kambi hii, na kabla yao wafungwa wa vita kama 20,000, wengi wao Warusi na wenzao wa Sovieti. Na kwa mbali tunasikia mizinga, dum, dum, kuna eneo la mazoezi ya jeshi hapo jirani. Mara ya kwanza shoga alinishika mkono.

Hapa hapakuwa na vyumba vya gesi. Watu walikufa kwa njaa, kiu, baridi, kuhara na chawa. Hannah na wenzake walikuwa sehemu iliyoitwa kambi ya nyota, watu waliowekwa akiba ya kubadilishana na Wajerumani walioko nje, akina Goslar walikuwa na pasi za Paraguay walizotafutiwa na mjomba aliyekuwa Uswisi. Kwa hiyo hawakunyolewa, walibaki na nguo zao, na mara moja moja wakapata kifurushi cha Msalaba Mwekundu. Unaona vyeo vya mateso vilivyokuwa, karatasi tena. Upande wa pili wa seng'enge wakaletwa wanawake kutoka Auschwitz, mwanzo kwenye mahema, na upepo wa Novemba ukayaangusha mahema. Seng'enge ikajazwa majani makavu katikati ili pande mbili zisionane. Kuongea hapo ni kosa la kupigwa risasi kutoka mnarani.

Mwanzoni mwa 1945 mtu akamwambia Hannah, rafiki yako Anne yuko ng'ambo ya pili. Hannah akasema hapana, Anne yuko Uswisi.

Akaenda usiku, gizani, akaita kwa sauti ya chini. Aliyeitikia alikuwa mama mmoja waliyejificha naye Anne, akamwambia subiri nitakuitia, dada yake Margot siwezi kukuitia hawezi kutembea. Alafu akaja. Hawakuonana. Nasisitiza kwa sababu watu wanapenda kuchora hii picha kama walishikana mikono, hamna, ni giza na majani na sauti ya mtu unayemjua inatoka ng'ambo imekonda. Wakalia. Anne akamwambia wamemnyoa nywele, hawana chakula, baridi, na kwamba hana wazazi tena, baba yake ameshauawa. Nayo haikuwa kweli. Mama yake ndio alishafariki Auschwitz tarehe 6 Januari, lakini baba, Otto, alikuwa hai, Warusi walishamkomboa 27 Januari. Hannah baadaye alikuwa anasema labda Anne angejua baba yupo angepata nguvu ya kusubiri. Kama nesi nasema tifasi haisikilizi habari njema. Kama mtu mwingine yeyote, sijui.

Hannah akarudi kwenye banda lake, na wanawake wenye njaa wakachanga. Hapo ndio mimi nilisimama kabisa njiani nikashindwa kutembea. Wakachanga. Huyu kipande cha mkate, huyu biskuti ngumu, soksi, glavu, akafunga kafurushi kadogo kama mpira wa makaratasi tuliokuwa tunachezea sisi, akaenda usiku mwingine akakarusha juu ya seng'enge. Akasikia Anne anapiga kelele. Mwanamke mwingine amekadaka amekimbia nako. Hannah akambembeleza kwa ng'ambo, tulia, nitakuletea kingine. Wakachanga tena. Na cha pili kikafika, alikidaka.

Shoga akaniuliza yule mwanamke aliyeiba mimi namuonaje. Nikamwambia simuoni vibaya. Akasema hata yeye. Tukatembea.

Baba yake Hannah alifariki kambini humo 25 Februari. Baada ya hapo Hannah hakuisikia tena sauti ya ng'ambo. Anne na Margot walikufa Februari au Machi, siku haijulikani, na Waingereza waliingia 15 Aprili. Kuna jiwe jeusi lenye majina ya wale dada wawili, watu wanaliwekea mawe madogo na barua. Sio kaburi, wako kwenye mojawapo ya matuta. Shoga akaacha kisheti kimoja, alafu akakitoa, akasema hapana kunguru watakitawanya pachafuke, akaweka jiwe kama wengine.

Jioni jikoni kwangu tumepika wali wa nazi ya kopo, na hapo ndio ile habari yetu ikatoka. Mimi miaka ile niliambiwa na mtu wa kati kwamba shoga amekula hela yangu ya mchezo na amenunulia kiwanja Pongwe. Yeye mtu huyo huyo akamwambia mimi nimemtangaza mwizi kwenye grupu la wanawake wa Tanga. Kiwanja hakikuwepo. Na mimi grupu lenyewe nilishatoka zamani, kelele zilizidi. Miaka miwili hatujasalimiana, tuko nchi mbili zinazopakana, simu zote mbili zina chaji. Nikamwambia mbona hukunipigia. Akasema mbona wewe hukunipigia. Wali ukaungua kidogo chini, tukala ukoko.

SIKU YA TANO, ALHAMISI. TRÖBITZ

Leo kwa ufupi, mwili umegoma. Kabla Waingereza hawajafika Belsen, Wanazi walipakia watu wa kambi ya nyota kwenye treni tatu kuwaondoa. Hannah na Gabi walipanda ya mwisho, watu kama 2,500, wagonjwa, ikazungukazunguka karibu wiki mbili katikati ya majeshi mawili bila pa kwenda, inasimama, wanazika wafu pembeni ya reli, inaendelea. Wanaiita treni iliyopotea. Ikasimamia karibu na kijiji cha Tröbitz, na 23 Aprili askari wa Urusi wakaikuta.

Sisi kufika hapo tumebadilisha treni mara tatu, moja ikachelewa dakika hamsini, nikafungua mdomo kulalamika nikaufunga. Kijiji kimelala, nyumba safi, bustani, mbwa mmoja. Wanakijiji wa wakati ule walijikuta na mamia ya wagonjwa wa tifasi milangoni, na ikawaua na wao pia. Kuna makaburi ya Wayahudi pembeni ya kanisa, yametunzwa. Tuliyapitia taratibu, hatukukutana na mtu.

Hannah alitoka hapa mgonjwa, akaishia hospitali ya Maastricht, na huko akaja mgeni kumuona, Otto Frank, alishaona jina lake kwenye orodha. Yeye akiwa kitandani akamwahi kwa furaha, Bwana Frank, Anne yuko hai, niliongea naye! Ikabidi yule baba ndio amwambie. Hii ilikuwa habari ya mwisho ya uongo, na ilitoka kwa aliyempenda kuliko wote. Otto ndio aliwasaidia yeye na Gabi kwenda Uswisi, kweli Uswisi safari hii, na 1947 Hannah akaenda Palestina akasomea unesi. Alifariki ameacha watoto watatu, wajukuu 11, vitukuu 31, alikuwa anasema hao ndio jibu lake kwa Hitler.

Tumelala Berlin, mji aliozaliwa. Hosteli ya kelele, vijana wanaimba mpaka saa tisa.

ASUBUHI, IJUMAA

Treni ya Berlin kwenda Amsterdam inapita Hannover, kwa hiyo tumepanda pamoja, mimi nikashuka kwangu yeye akaendelea. Tukaagana haraka haraka kwa sababu inasimama dakika chache. Nimesimama nje kwenye baridi, yeye dirishani ndani, akaanza kuniambia kitu. Vioo vya treni hizi ni vinene. Namuona mdomo unaenda, mikono inaenda, sauti hamna. Nikamfanyia ishara ya masikio. Akarudia, amekaza uso kabisa. Treni ikaondoka.

Meseji ikaingia kabla sijafika ngazi. "Umesikia?"

Nikamjibu sijasikia hata neno, rudia.

"Nimesema chungulia mfuko wa mbele wa begi lako, we kiziwi."

Nikachungulia pale pale, watu wananipita na masanduku yao. Kulikuwa na soksi yake ya sufi, ile ya zambarau, imefungwa fundo, na ndani yake kuna bahasha. Sikuihesabu. Nikampigia.

Akapokea mara ya kwanza.